Debe Kwenye Foleni

Saa tatu usiku, Pangani. Chai imepoa,
nami bado na simu, kidole gumba hewani
juu ya neno moja la kijani: LIPA.

Tiketi mbili za basi lisilo paa,
linaloanzia katikati ya mji, likapanda, likashuka,
likafika hadi kwa twiga, likarudi na jua.
Ukilipa leo, elfu tatu na mia mbili.
Ukingoja siku yenyewe, elfu nne,
na huenda viti vimekwisha.
Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
pesa ikishaingia hairudi.

Hairudi. Naijua lugha hiyo.
Ndiyo ya mwenye nyumba akipokea amana.

Fomu inauliza, Tarehe?
Shangazi Mkawasi, nilipompigia kule Wundanyi,
alisema, "Wiki ijayo, Mungu akipenda."
Nimepekua kalenda nzima,
sikuona kisanduku cha Mungu akipenda.

Watu wazima? Wawili.
Watoto? Hapo nikacheka peke yangu.
Yupo mmoja, mtoto wa jicho,
la kushoto, ana miaka mitatu na ushei,
na fomu inasema wa chini ya mitatu ndio hawalipi.
Huyo atatolewa Jumanne hospitalini,
bandeji ifunguliwe kesho yake, au keshokutwa,
daktari naye kila ukimuuliza: "Tutaona."
Tutaona! Wewe na nani, daktari?

Wewe ni mkazi, au mgeni?
Miaka kumi na mmoja nimekaa hapa.
Nauza rangi Barabara ya Kirinyaga,
najua kuta za watu kwa namba zake,
krimu ya mabwana wa Lavington,
samawati ya kliniki za Eastleigh,
lakini lile jumba la mviringo sijawahi kulipanda,
na twiga nimewaona kwenye kalenda za benki.
Kila mwaka nasema, wapo, hawaendi popote.
Nikaweka alama: mkazi.
Mkono ukaona haya.

Nikampigia tena.
"Shangazi, nikate tiketi mapema, au tungoje?"
"Hao twiga wanajua tunakuja?"
"Hawajui."
"Basi hawatakasirika tukichelewa."
Nikasikia mvua ya kule ikipiga mabati.
Akauliza bei. Nikamtajia.
Akanyamaza kama mtu anayehesabu kuku gizani.

"Wakumbuka kinu cha Mwakio?
Tulikuwa tunaacha debe kwenye foleni alfajiri,
mtu anarudi shambani kupalilia.
Hakuna aliyeligusa. Debe lilikuwa ndiwe.
Siku nyingine mvua ilikuja, hukurudi,
mahindi yakalowa, ukala viazi.
Lakini zamu ilishikwa na debe, mwanangu,
haikushikwa na mawazo."
Kisha akataka kujua kama twiga huuma.

Nikaandika Alhamisi.
Namba ya siri, tarakimu nne,
ya tatu nikaikosea, nikaanza upya.
Ujumbe ukaingia: imethibitishwa.
Salio, mia mbili na arobaini.
Nikalitazama hilo salio muda mrefu
kuliko nitakavyomtazama twiga yeyote.

Leo ni Jumatano. Amelala kitandani mwangu,
bandeji jichoni, nyeupe ile ya kopo jipya
kabla hujachanganya rangi.
Kesho saa mbili inafunguliwa,
basi linaondoka saa tatu na nusu,
na kutoka hospitali hadi mjini, Nairobi hii,
nani awezaye kuapa?

Nimefungua dirisha. Upande wa Ngong
mawingu yamekaa kama wageni wasioaga.
Na huko mjini, mahali fulani,
debe letu limesimama kwenye foleni,
tupu,
halijui kama tutarudi.