Vipimo vya Apondi

Mara thelathini walimvika kinyago cha plastiki
chenye matundu kama chujio la chai,
wakakikaza mezani kwa vifungo vinne,
wakatoka wote, wakafunga mlango mzito.
Akabaki na mlio. Hakuungua, hakusikia hata joto.
"Ni kama mgeni asiyebisha hodi," aliniambia,
"unajua tu kwamba kiti kimesogezwa."

Uvimbe ulinywea. Daktari akasema nendeni mkashukuru.
Tulichinja jogoo.

Mwezi wa nane, kibandani mwake, Kibuye,
alimpima mtoto bega hadi bega: inchi kumi na tatu.
Akageuka kuchukua chaki,
na chaki ilipogusa kitambaa namba ilikuwa imekwenda zake.
Akapima tena. Ikaenda tena.
Mama mtoto akatazama saa.

Mimi kazi yangu ni hadubini.
Nakata ubongo wa panya, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
navichovya katika maji ya fedha
hadi seli zisimame nyeusi kwenye kioo:
shina, matawi, na juu ya kila tawi
vichipukizi, vidole vya seli kumshika jirani.
Hao ni panya ambao hawakuguswa.

Wale waliopigwa mionzi, shina lipo.
Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Shina lipo, seli haijafa,
ila matawi yamefupika, na vichipukizi nimehesabu
kumi na kimoja pale pangekuwa na ishirini.
Na zile seli changa, zinazozaliwa kupokea mambo ya leo,
natafuta kioo kizima sizioni.

Sikumwambia. Nilimnunulia daftari.

Sasa anaandika kila kitu: bega, kiuno, urefu wa sketi,
jina la mtoto, rangi ya kola, *nimekunywa dawa*,
na kwenye ukurasa wa mwisho, mwandiko ukipanda na kushuka:
*Ochola ni kaka yangu. Hapendi omena yenye chumvi nyingi.
Usimuulize mara mbili kama amekula.*

Jana aliniuliza mara mbili.
Mara ya pili nikasema bado,
nikanawa mikono,
nikala tena.