Fomu ya Idarusi

Nasra alichanjwa darasa la nane.
Fomu niliisaini juu ya friji, kikombe mkononi:
"Mambo ya wasichana haya."
Barua nayo haikutaja mvulana.

Mionzi thelathini na mitano
imenikausha mate;
hata uji mwepesi unanikwaruza koo.
Daktari, hapa Leeds, alikitaja kirusi polepole
kama mtu anayedai deni la ujana.
Mama yenu akatazama theluji dirishani,
hakuuliza cha lini,
wala cha nani.

Leo umeleta fomu yako, Idarusi,
imekunjamana chini ya viatu vya soka,
ina tope.
Sauti sina;
kalamu ninayo.
Kesho kunja mkono wa shati mapema.
Nasra hakulia.
Tuone wewe.