Plasta Juu ya Taa

Iliwaka Jumanne, saa kumi na mbili kasorobo,
nikipanda mlima wa Golcar, giza bado limeganda viooni:
kijimchoro cha manjano, kama birika lililokatwa mkono.
Gari halikutetemeka. Halikukohoa. Nikasema,
ni taa tu, hata jokofu lina taa.

Methali ya ufa na ukuta naijua, msinisomee.
Ilikuwa tarehe kumi na tisa; mshahara ni ishirini na nane.
Nikafungua begi la kazi, nikatoa plasta,
ile ya kidole, rangi ya ngozi isiyo yangu,
nikaibandika juu ya birika. Nikaendelea na zamu.

Siku nne niliendesha hivyo.
Mimi, ninayelipwa kuona dalili:
kifundo cha mguu kilichovimba kuliko jana,
mkojo uliogeuka chai ya rangi,
bibi aliyeniita kwa jina la dada yake marehemu.
Yote naandika daftarini, napiga simu ofisini.
Gari langu nililipa plasta.

Bwana Crowther ndiye aliyenishika.
Miaka arobaini alilala chini ya magari ya watu, Huddersfield;
sasa mikono inamtetema, uji humwagika kabla ya mdomo.
Alikuwa dirishani nilipoegesha.
"Linaruka pigo," alisema, hata sijavua koti.
"Taa inasemaje?"
Nikamweleza habari ya plasta.
Alicheka mpaka nikamshikia kikombe.

Kisha akawa mkali.
Ikiwaka ikatulia, una siku kadhaa:
kaza kifuniko cha tangi, tafuta wa kuisoma.
Ikikonyeza, huna siku. Ondoa mguu, egesha,
petroli mbichi inakwenda kuunguza bomba la moshi.
"Sasa yako imetulia, au inakonyeza?"

Sikujua. Nilikuwa nimeifunika.

Akanituma droo ya chini, nyuma ya soksi:
kijimashine chenye waya, kimefungwa kwa mpira wa nywele
wa marehemu mkewe.
"Kitatupa kodi," alisema. Nikashtuka,
kodi ya nyumba nimeshalipa.
Kumbe ni herufi moja na tarakimu nne, ya mwisho tatu.
"Silinda ya tatu. Nilikwambia."
Hakuwa ameniambia, ila sikubishana.

Jumapili, siku yangu ya kupumzika, nilimsukuma nje na kiti chake,
blanketi magotini, mwavuli nimeufunga kwa bendeji,
rasharasha ikitoka upande ambao mwavuli haukuwepo.
Koili mpya, pauni thelathini na moja, deni la Nsia.
Yeye maneno, mimi vidole.
"Ya tatu kutoka kushoto. Kushoto kwako!
Usivute waya, bana klipu. Bana, mama, usiibembeleze."
Skrubu moja ilinidondoka humo ndani.
Imo mpaka leo. Tulikubaliana kutoizungumzia.

Nilipowasha, alifumba macho akasikiliza,
kidole kikigonga mkono wa kiti, moja mbili tatu nne,
na kwa mara ya kwanza tangu nimjue
hakikutetema, au labda kilitetema sawasawa na injini.

Plasta niliibandua. Gundi ilibaki, imeshika vumbi.
Siku hizi nageuza ufunguo nusu, nangoja:
taa zote huwaka pamoja, nyekundu, kijani, manjano.
Nawasha. Zinazima moja moja.
Birika huwa la mwisho.
Nalisubiri, hata nikichelewa.