Thelathini na Tisa kwa Manane

Nilianza na matairi. Kosa la kwanza.
Inchi thelathini na tatu, meusi, yamevimba mashavu,
nimeyanunua Gerezani kwa pesa ya kiinua mgongo
nikayapandisha kwenye Landkruza la mwaka tisini na nne
kama anayemvika mtoto buti za askari.
Bi Mwanaidi akatoka hadi getini, akayatazama.
"Umenunua viatu, Kibwana. Miguu je?"

Mlima wa Makongo ukamjibu kabla yangu.
Gia ya tatu ikakohoa. Ya pili ikaguna.
Bajaji ikanipita, imebeba godoro na mwenye godoro,
dereva wake akanipungia mkono kwa heshima,
ile heshima inayouma.

Keko, gereji ya Fundi Nkinda,
tulilala chali juu ya boksi la friji, bega kwa bega.
Miaka kumi na moja nimeosha paa la gari hili,
sijawahi kulisalimia tumbo.
Kumbe huku chini ndiko kulikoandikwa kila kitu.
"Hapa kisiki." Kidole cha fundi kikatembea. "Hapa jiwe.
Hapa sampo ilibonyea, ukasema ni mlio wa kawaida."
Na hili refu, kama mshono wa upasuaji?
Akacheka hadi boksi likatikisika.
"Hilo si la porini, mzee. Hilo ni tuta la Kigogo."

Mchomeleaji wao ni binti, Tunu Mkwizu,
kofia ya chuma ameipandisha utosini.
Nikamwambia: nifunike bamba nene kuliko yote.
Akauliza: unakwenda wapi?
Shambani Mkuranga, nikasema, masika. Na Jangwani,
Msimbazi ukiamua kutembelea watu.
"Basi huendi kwenye majabali.
Aluminiamu nyepesi, lakini hung'ang'ania jiwe.
Chuma hukwaruza, kikapita. Milimita nne zinatosha.
Kilo usizozihitaji utazibeba kila siku,
mpaka sokoni, mpaka msibani."
Kisha akachora miduara kwa chaki.
Matundu? Kwenye ngao?
"Kinga isiyo na tundu ni bakuli.
Tope litakaa. Majani makavu yatakaa,
yakisubiri moto wa ekzosi."

Nkinda akatandika gunia, akaweka meno.
Ya zamani: thelathini na saba kwa tisa,
yalikatwa kwa ajili ya tairi dogo.
Mapya: thelathini na tisa kwa manane.
"Haya yatapanda ukuta. Ila barabara kuu
ukivuka mia, injini italalamika."
Nikawaza: nani ananisubiri huko kwenye mia?
Ofisi walishanikabidhi saa ya ukutani na keki.

"Na ni difu mbili," akasema. "Mbele na nyuma, sawasawa.
Ukibadili moja tu, siku ukifunga fo-wili
moja itataka kwenda, nyingine itataka kubaki,
zitavunjana."
Pesa yangu ilitosha ya nyuma.

Sikumpigia simu. Nkinda ndiye aliyempigia.
Bi Mwanaidi akaja na bajaji, akashuka,
akafungua fundo la khanga: pesa ya vikoba,
noti za elfu mbili mbili, zimekunjwa kama sambusa.
Akazihesabu juu ya boneti. Hakusema neno.
Hilo liliniingia kuliko Makongo.

Jumapili tukapanda mlima ule.
Gia ya tatu. Taratibu, bila kukohoa.
Spidomita, iliyokuwa inadanganya tangu matairi yabadilike,
sasa inakaribia kusema kweli.
Chini yetu tuta likagusa bamba: kwaa! Tukapita.
Mapajani mwake piniani ya zamani, imefungwa kwenye gazeti;
anasema itafaa kuzuia mlango wa jikoni.

Bajaji ikatupita tena. Safari hii ina mbuzi.
Nikapunga mkono mimi kwanza.