Mgeni Njoo

Miaka tisa nilikuamini bila kuijua sura yako.
Kompyuta ya karakana ya tramu hapa Liepāja,
kizee chenye feni inayokohoa,
hesabu zake za tarehe zilikuwa zako, Ilgvars:
lini breki za gari la saba zikaguliwe,
nani yuko likizo, nani ana zamu ya usiku.
Kazi yako uliianika hadharani, bure,
apendaye asome, apendaye achukue,
nasi tukachukua.
Benki zikachukua. Hospitali. Viwanda vya maziwa.
Kusoma, hatukusoma.
Kila mmoja alidhani mwenzake kasoma.

Nawe ulikuwa peke yako kule Kuldīga,
ukiishika kazi hiyo baada ya kazi,
mama yako chumba cha pili akiuliza ni saa ngapi,
akijibiwa, akiuliza tena.
Barua zikaja za kufoka:
mbona polepole? Kama umeshindwa, waachie wengine.
Hawakukulipa hata senti,
wakakudai kama mwenye deni.

Ndipo akaja yeye. Jina lake Orrin Pell,
au hilo ndilo alilolivaa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
nawe ulipona kweli: ulilala usiku mzima.
Alilirekebisha kosa la Februari ishirini na tisa
lililokusumbua majira matatu ya baridi.
Hakuomba pesa. Aliuliza hali ya mama.
Miaka miwili hivyo,
haba na haba, akikijaza kibaba chake,
hadi usiku ule wa Novemba, gari la wagonjwa mlangoni,
ulipomwandikia kwa kidole kimoja:
shika funguo, nitarudi.

Mimi si shujaa.
Kizee changu kilikishindwa kifurushi kipya,
basi nikakaa kukijenga mwenyewe
kutoka kwenye msimbo ule ulioanikwa.
Kwa ubishi tu, nikavilinganisha viwili.
Havikulingana.
Kilichoanikwa uani kilikuwa safi.
Kilichofungwa na kusafirishwa
kilikuwa na mistari kumi na moja ya ziada,
mlango mdogo wa nyuma,
bawaba zimetiwa mafuta.
Nani angeingia, na lini, sijui.
Huenda tusijue.

Sikukuandikia. Sikujua tena nani anasoma barua zako.
Nilipanda basi.
Ukanimiminia chai, nikaongea, ikapoa.
Hukuuliza habari za benki.
Uliuliza, “Siku zile alipomuulizia mama,
alikuwa anataka kujua,
au alikuwa anahesabu?”
Nikaiangalia sukari.

Siku nne tulikata kila alichokigusa.
Wale wale waliokuharakisha
sasa waliandika: mbona hukuona?
Mmoja akatuma picha ya jicho.
Hukumjibu, ila uliitazama mno,
nikaifunga.

Usiku wa nne tukaufikia mstari wa Februari.
Kidole chako kilikaa juu ya kitufe
kama mtu anayepima joto la pasi.
Tuliupima mara ishirini, kwa miaka mifupi na mirefu,
kwa karne zilizopita na ambazo hatutaziona.
Ni sahihi.
Ukiutoa, kuna mtoto mahali atakosa siku yake ya kuzaliwa,
na breki za gari la saba zitarukwa.
Umeandikwa na mwizi, na hauna kosa.

Nilitaka useme jambo.
Ukauacha mahali pake,
ukaandika pembeni jina lake, lile alilolivaa,
na tarehe.
Chumba cha pili mama akauliza ni saa ngapi.
Ukamwambia.