Kikapu Kilichoachwa

Jumatatu na Jumatano, saa kumi na mbili na nusu jioni,
chumba cha mwisho ghorofani, Nizwa, kiyoyozi kinakohoa.
Dokta Mongi, Mtunisia mwembamba, anaandika ubaoni:
Biashara ya Mtandao, wiki ya saba.
Wenzangu wana miaka kumi na tisa.
Mimi nina arubaini na nne, na goti moja bovu,
na duka langu la zoezi lina siku ishirini na moja hewani.

Nauza bukhuri. Niliichagua kwa kiburi,
maana marehemu mama alinifundisha kuipika:
udi, sukari, maji ya waridi kutoka Jabal Akhdar.
Kisha nikakaa mbele ya kioo nikaona ujinga wangu.
Kioo hakinuki.
Nikapiga picha ya moshi, ikatoka kama nyumba inaungua.
Nikaandika: harufu nzuri sana.
Muadh, kijana wa kiti cha nyuma, akaniambia,
"Shangazi, hata sabuni ya vyombo wanaiandikia hivyo."
Nikafuta. Nikaandika upya, kwa Kiswahili, kwa hasira:
Inanukia kama kanga iliyokunjwa sandukuni
siku ya tatu baada ya harusi ya mtu mwingine.
Nikaenda kulala.

Wageni mia moja na sita. Waliolipa, sifuri.
Ila kila usiku, saa nne na dakika chache,
mtu mmoja wa Samail anaingia,
anachukua kopo moja, analiweka kikapuni,
anaondoka.
Usiku wa kwanza nilifurahi. Wa tano nikanuna.
Wa tisa nilimngoja macho makavu,
kama anayengoja mlango ulie.

Dokta anasema jambo hilo lina jina lake: kikapu kilichoachwa.
Anachora duara, analikatakata kama chapati:
nauli ya mzigo, fomu ndefu, mteja hana imani.
Dawa, anasema, ni ujumbe mfupi: Umesahau kitu?
Nikautuma.

Jibu lilikuja kwa sauti, dakika mbili na ushei,
Kiswahili cha Tabora kilichozeekea Samail:
"Sijasahau mimi. Umesahau wewe.
Nimeagiza mara tisa, mwanangu, mara tisa,
nakaa na chetezo kitupu, makaa yanageuka majivu.
Bei umetaja, sikubishana. Kopo nimetia kikapuni.
Ulitaka nini tena?"

Nikaifungua fomu yake. Penye anwani ya posta:
mlango wa kijani, ukishavuka falaji,
kengele imekufa, piga hodi.
Penye namba ya kadi:
sina, nitakupa mkononi.
Na mashine, mara tisa, ilimkatalia
kwa maandishi mekundu, kwa Kiingereza.

Alhamisi nikaendesha hadi Samail, makopo tisa kiti cha mbele,
nimeyafunga mkanda kama watoto.
Hodi.
Bi Ghanima akachukua moja tu.
Akahesabu riali tatu na baisa mia tano, akarudia kuhesabu,
akatia kipande kwenye kaa, akainamia moshi, akafumba macho.
Nikangoja sifa.
"Bukhuri nzuri," akasema, "lakini ulivyoandika sivyo.
Harusi ile ilikuwa ya nani?"

Nilikuwa nimeshika ufunguo wa gari.
Nikauweka chini.
Ilikuwa ya mume wangu, nikamwambia,
na kanga nilimkunjia mimi, ampelekee bibi harusi.
Kahawa ikaja. Tende zikaja. Ikaadhiniwa isha.

Ripoti nimeiwasilisha Jumatatu, kurasa nne.
Mauzo: kopo moja.
Petroli: riali nne na baisa mia mbili.
Hasara: baisa mia saba, bila kuhesabu bukhuri.
Muda wa mteja dukani: saa tatu na robo.

Dokta ameizungushia duara hiyo ya mwisho.
Pembeni ameandika kwa penseli, kwa adabu yake:
Una hakika na kipimo?