Limekaa

Lori la Kunduchi lilimwaga mawe saa tano,
vumbi jeupe likaingia hadi kwenye vitumbua vya Bi Tabu.
Sikudhani hakuamkia mtu. Alichukua nyundo ndogo,
akainama, akagonga moja moja, sikio karibu,
kama anunuaye tikiti kwa pesa ya mwisho.

Hili la duara, litabiringika. Tupa kule.
Hili linalia kama chungu chenye ufa. Tupa.
Hili lina pembe, lina ubishi. Lete.

Mimi nilisuka waya. Makasha marefu kama vitanda,
tukayapanga ukingoni mwa Mto Ng'ombe, upande wa Kigogo,
pale ambapo mwaka juzi choo cha akina Kibwana
kiliondoka usiku pamoja na kufuli lake.

Injinia Rwechungura alikuja na hesabu:
kasi ya maji, uzito wa jiwe, mteremko.
Hesabu nzuri, nilizipenda.
Sikudhani akavua kandambili, akaingia mtoni,
maji ya vifundoni tu, ya kijivu, yenye maganda ya ndizi.
Tazameni kisigino changu.
Tukatazama. Mchanga ulikuwa ukihama chini yake,
punje kwa punje, bila haraka, bila kelele,
hadi mguu ukazama shimoni, naye amesimama tu.
Maji hayakusukumi, alisema. Yanakuchimba.

Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta.
Sisi ukuta tulishajenga,
mara mbili,
na ufa haukuwa ukutani.

Basi tukatandika kwanza kitambaa kizito
kinachopitisha maji na kubakiza mchanga, kama kifumbu cha tui.
Mbele yake tukalaza godoro la mawe ndani ya mkondo,
halizuii kitu, halijengi kitu,
linangoja tu siku ya kuchimbwa.

Masika yakafika usiku wa Alhamisi.
Sikulala. Nilisikia mawe yakisaga meno gizani
na mto ukipita na mabati ya watu.

Asubuhi safu ya juu ilikuwa imeshuka dhiraa nzima,
katikati imebonyea kama kitanda cha kamba kilichozeeka.
Injinia akashika kichwa: Tuta limeanguka!
Sikudhani akapanda juu, akaruka mara tatu,
matope yakamrukia Injinia shatini.
Halijaanguka, akasema. Limekaa.

Maji yalipopungua tukaliona godoro:
limejikunja, limeingia kwenye shimo
ambalo mto ulilichimba kwa ajili yetu,
limelijaza, na waya haukukatika hata mmoja.

Wapo watuulizao kwa nini bado tunakaa bondeni.
Huwa sijibu. Nawaza jiwe lenye pembe
lililomshika mwenzake kwapani, likashuka naye.

Yale ya duara tuliyoyatupa, Bi Tabu alichagua matatu,
sasa ni mafiga yake.
Mawili yametulia. La tatu linacheza;
amelitegea kipande cha waya wangu.